Imamu ananiambia nikidai nyumba mahakamani ninakula haramu. Je, ni kweli?

Swali: Assalaam alaykum. Niliolewa mwaka 1999 kwa ndoa ya Kiislamu hapa Dar es Salaam na tumejaaliwa watoto wanne. Kiwanja cha Mbagala alinunua mume wangu, hati ya mauziano ina jina lake peke yake. Mimi miaka yote nimekuwa nikiamka alfajiri kukaanga maandazi na kuuza. Saruji na mabati ya vyumba viwili vya mwisho ni fedha yangu ya upatu. Mwaka jana alinipa talaka kwa maandishi, eda imekwisha, na sasa nasikia anatafuta mnunuzi wa nyumba. Imamu wetu, mtu ninayemheshimu sana, ameniambia haki yangu ni matunzo ya eda na mataa, yaani kiliwazo cha mke aliyeachwa, basi. Kwamba nikienda kwa hakimu kudai nyumba nitakuwa nimeikataa hukumu ya Mwenyezi Mungu na nitakachopata ni haramu. Sitaki kugombana na dini yangu. Naomba ukweli. (Mama M., Temeke)

Jibu: Waalaykumu ssalaam, mama. Pole kwa yaliyokufika.

Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome kwa wasiwasi. Kudai fedha yako iliyoko ndani ya nyumba ile si dhambi, na hakuna madhehebu yanayosema ni dhambi. Kudai thamani ya kazi uliyoifanya nyumbani kwa miaka ishirini na ushei kuna hoja ndani ya fiqhi yenyewe, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ingawa wanachuoni wamehitilafiana. Lakini lipo eneo moja ambapo sheria ya nchi na fiqhi tuliyoirithi haziendi pamoja. Hilo nalo nitalieleza, maana umeniomba ukweli.

Tuanze na saruji na mabati. Katika Uislamu ndoa haichanganyi mali. Mke anaingia na chake, anachuma chake, na mume hana mamlaka juu yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 20, inamkataza mume anayemwacha mke kuchukua chochote katika mahari aliyompa, hata kama alimpa mrundo wa mali. Ikiwa kile alichokupa yeye mwenyewe haruhusiwi kukirudisha, vipi kile ulichokichuma wewe jikoni saa kumi za usiku? Watu wawili wakitia fedha zao katika jengo moja, ama ni washirika, ama mmoja amemkopesha mwenziwe, ama amempa hiba. Mumeo anaweza kusema ulimpa hiba. Aseme, lakini asili ya mali ni kubaki kwa mwenyewe, na anayedai kuwa alipewa ndiye wa kuleta ushahidi. Wewe ukikana, kauli yako kwa kiapo ina uzito.

Kwa hiyo imamu amejibu swali jingine. Eda na mataa ni haki zinazotokana na talaka. Hazifuti deni wala hazivunji ushirika. Mwanamume akiachana na mkewe ambaye pia alikuwa mshirika wake wa duka, hakuna sheikh atakayemwambia yule mwanamke achukue mataa aache duka. Nyumba haina hukumu tofauti na duka.

Na kabla hatujaliacha hilo, mataa yenyewe usiyadharau. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj ndicho kimewalea masheikh wengi wa pwani hii, anaeleza kuwa kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba mke aliyeingiliwa kisha akaachwa bila kosa lake anastahiki mataa kwa wajibu, si kwa hisani. Anapendekeza yasipungue dirhamu 30, ambazo kwa madini ya fedha ni karibu gramu 90, na wakibishana kadhi ndiye anayekadiria kwa kutazama hali ya wote wawili. Linganisha na doti ya kanga na nauli ambayo wanawake wetu wanakabidhiwa mlangoni kama kitoka nyumba. Imamu aliyekwambia haki yako ni mataa anapaswa pia kumwambia mumeo kiasi chake. Mwulize kama amemwambia.

Sasa kazi ya nyumbani, na hapa nitakaa kidogo.

Hoja ya imamu, nadhani, ni hii: ulipika, ulifua, ulilea, lakini hiyo ni kazi ya mke, na mke hadai ujira. Inasikika kama sheria ya dini. Lakini fungua vitabu vya Kishafii vyenyewe. Abu Ishaq ash-Shirazi, aliyefariki mwaka 1083, anasema wazi katika kitabu chake al-Muhadhdhab kuwa mke hawajibiki kumtumikia mumewe kwa kusaga, kuoka, kupika wala kufua, kwa sababu kilichofungiwa ndoa ni kitu kingine. Huo ndio msimamo mashuhuri wa madhehebu. Maana yake, kwa madhehebu anayoyafuata imamu wako, kila sufuria uliyoiteleka jikoni kwa miaka yote hiyo haikuwa wajibu wako kisheria. Ulifanya jambo ambalo hukulazimika kulifanya, na jambo hilo lilimwachia mumeo mshahara wake ujenge badala ya kulipa mpishi, dobi na yaya.

Imamu atakujibu, na jibu lake ni la kweli kwa kiasi: anayefanya kazi bila kupatana ujira amejitolea, hana anachodai. An-Nawawi anaitaja kanuni hiyo katika mfano wa mtu anayempa fundi nguo aishone bila kutaja malipo, na kauli anayoitanguliza ni kwamba fundi hana ujira. Lakini hakuishia hapo. Anataja kauli kwamba anao, kisha kauli ya tatu kwamba kama fundi anajulikana kwa kazi hiyo basi anao, na kuhusu hii ya tatu anaongeza kuwa huenda ikaonekana ndiyo njema. Kwa nini? Kwa sababu desturi inazungumza hata pale ambapo midomo imenyamaza. As-Suyuti, Mshafii mwingine, aliifanya kanuni ya kwamba desturi hutumika kuamua kuwa moja ya kanuni kuu tano za fiqhi.

Wapo wanachuoni waliosema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke. Ibn Taymiyya ni mmoja wao, na hoja yake ni desturi. Sawa. Lakini kama desturi ya watu ina nguvu ya kumpa mke wajibu ambao mkataba wa ndoa haukuutaja, basi ina nguvu pia ya kumpa haki ambayo mkataba haukuitaja. Sioni kwa uadilifu gani mtu ataichukua desturi inapomtwika mwanamke mzigo na kuiacha inapompa fungu. Na desturi ya Dar es Salaam ya leo, kwa watu wa kipato cha kawaida, ni kwamba nyumba hujengwa na wawili. Kila mtu mtaani anajua hivyo. Mumeo naye alijua wakati akipokea fedha ya upatu.

Wala si wazo la kizungu lililoletwa na mashirika, kama ambavyo huenda umeambiwa. Katika milima ya kaskazini mwa Morocco, mwanachuoni wa Kimaliki Ahmad ibn Ardun, aliyefariki mwaka 1584, aliulizwa kuhusu wanawake wa huko waliokuwa wakivuna na kubeba mazao pamoja na waume zao. Akatoa fatwa kwamba mke ana fungu katika mali waliyoichuma, kwa sababu ya jasho lake. Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, kule Banjar katika kisiwa cha Borneo, Waislamu ni Washafii kama sisi. Sheikh wao mkubwa Muhammad Arsyad al-Banjari, aliyesoma Makka miaka mingi na kufariki mwaka 1812, anatajwa kuwa ndiye aliyeithibitisha kisharia desturi ya watu wake ya kugawa kwanza mali ya pamoja ya mume na mke, ndipo mambo ya mirathi yafuate. Indonesia iliiandika kanuni hiyo katika mkusanyo wake wa sheria za Kiislamu wa mwaka 1991: wanaoachana kila mmoja huchukua nusu ya mali ya pamoja, isipokuwa kama walipatana vingine. Malaysia, mahakama za sharia zenyewe ndizo zinazogawa mali hiyo kila siku. Hizo ni nchi zenye mamilioni ya Waislamu wanaosoma vitabu vilevile vinavyosomwa Tanga, Lamu na Unguja. Imamu wako ana haki ya kutokubaliana nao. Hana haki ya kukwambia kwamba wote wanakula haramu.

Tuje kwenye sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitokana na Waraka wa Serikali Namba 1 wa 1969, uliotaka kuweka sheria moja kwa ndoa zote, za dini, za kimila na za kiserikali. Kifungu cha 58 kinaanza pale pale Uislamu unapoanza: ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo ile hati yenye jina la mumeo ina uzito dhidi yako, usidanganywe na mtu. Ila kifungu cha 114 kinaipa mahakama, inapotoa talaka, uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na desturi za jamii yao, madeni na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyatazama hayo, mahakama ielekee kwenye usawa.

Juhudi za pamoja ni zipi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ililijibu swali hilo katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilikuwa ndoa ya Kiislamu kama yako. Mahakama ikasema kazi za nyumbani na malezi ni mchango unaohesabika. Watu wengi huinukuu kesi hiyo bila kueleza mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupewa kitu zaidi, kwa sababu mumewe alishampa fedha za kuanzisha biashara na ikaonekana amezitapanya. Nakueleza hili ili ujue mahakama haigawi kwa huruma. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba kiasi cha mchango lazima kithibitishwe kwa ushahidi.

Na hapa ndipo penye mvutano wa kweli niliokuahidi. Sheria ya nchi inaelekea usawa kwa sababu inaiona ndoa kama ushirika wa maisha, na kwamba wanaouvunja wagawane kilichozaliwa ndani yake. Fiqhi ya zamani haioni hivyo. Inaiona ndoa kama mkataba kati ya watu wawili wenye mifuko miwili, mmoja analipa matunzo na mwingine hadaiwi kulipa chochote. Mwanamke tajiri analindwa vizuri sana na mpango huo wa fiqhi. Mwanamke aliyekuwa akipokea matunzo kamili, mwenye mtumishi na mali yake pembeni, hana sababu ya kulalamika. Tatizo ni kwamba wewe hukuishi maisha hayo. Ulichangia kama mshirika, ukaachwa kama mgeni. Ukichukua hukumu iliyowekwa kwa ajili ya mwanamke asiyegharimia kitu na kumhukumia yule aliyegharimia sehemu ya nyumba, hujaifuata sharia. Umeitoa mahali pake. Huo ni msimamo wangu na nausema nikijua kwamba wapo walimu wangu wasioukubali.

Kuna hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Salama, ambayo ni lazima uende nayo mahakamani moyoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba watu humjia na kesi, na huenda mmoja ana ulimi mzuri kuliko mwenziwe, naye akamhukumia kwa yale anayoyasikia. Basi atakayepewa haki ya nduguye asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haihalalishi kisicho chako. Kwa hiyo kaa na daftari, uhesabu kwa uaminifu: mifuko ya saruji, mabati, ada za shule ulizolipa wakati mumeo akinunua tofali, miaka ambayo biashara yako ndiyo iliyolisha nyumba. Dai unachoweza kukiapia. Mahakama ikikupa zaidi ya hapo na wewe unajua ndani ya nafsi yako kwamba si chako, mlango wa kusamehe na kurudisha uko wazi. Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili ambao imamu hakuutaja. Kama mumeo akiuza nyumba akaingiza fedha ya mabati yako mfukoni kwa sababu tu hati ina jina lake, moto ule unamhusu yeye.

Imamu ameleta pia suala la kumwendea hakimu wa serikali, na hili simbezi. Waislamu wa Tanzania Bara wana donda hapa. Mahakama za kadhi zilizokuwapo wakati wa ukoloni hazikubaki baada ya uhuru, na muswada wa kuzirejesha uliokwama mwaka 2015 uliacha uchungu. Zanzibar wana makadhi wenye nguvu ya kisheria, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Kenya makadhi wametajwa ndani ya Katiba ya 2010, na sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inamruhusu Muislamu kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika mali hiyo. Bara hatuna. Sheikh anaposikia kwamba hakimu asiyesoma dini ataamua mambo ya talaka, anaona sharia inanyang'anywa kipande kipande. India ilitokea hivyo: mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ilipompa matunzo Shah Bano, mama wa miaka zaidi ya sitini aliyeachwa, majaji walijiingiza kufasiri Qur'ani, Waislamu wengi wakakasirika, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria nyingine ya kupunguza athari ya hukumu ile. Mama yule mwenyewe alilemewa na shinikizo mpaka akaikana haki aliyoshinda. Ugomvi wa nani mwenye mamlaka ulimmeza aliyedhulumiwa. Ndilo ninaloliogopa kwako.

Lakini tofautisha fatwa na hukumu. Imamu amekupa fatwa, yaani rai ya mwanachuoni kwa aliyeuliza. Haimfungi mtu kama inavyofunga hukumu ya kadhi, na unaruhusiwa kumwendea mwanachuoni mwingine. Pili, yeye hana uwezo wa kumzuia mumeo asiuze, wala wa kumlazimisha alipe hata hayo mataa. Pale ambapo haki haiwezi kupatikana ila kwa chombo cha dola, wanachuoni wengi wa zama hizi wanaruhusu kukiendea, kwa sharti hilohilo la kutochukua kisicho chako. Na masheikh wenyewe huenda mabaraza ya ardhi kiwanja cha msikiti kinapovamiwa. Wanafanya sawa kabisa. Mali ya msikiti ni amana, na yako pia ni mali iliyohifadhiwa na dini.

Kwa vitendo, la kwanza ni kuzuia mauzo. Watu wengi hawajui kwamba talaka ya maandishi peke yake haijavunja ndoa mbele ya sheria ya nchi. Inavunjika mahakama inapotoa amri. Na kifungu cha 59 kinamkataza mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke wakati ndoa bado ipo. Mwandikie mwenyekiti wa serikali ya mtaa barua leo, umweleze kwamba nyumba ina mgogoro na hujaridhia mauzo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama eneo limepimwa na lina hatimiliki, weka zuio kwa Msajili wa Hati.

Kisha nenda kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Linaweza kuwa la kata au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kwa kuwa sheria inaruhusu mabaraza ya jamii za dini kutambuliwa, na kwa hali yako ningeanzia BAKWATA. Likishindwa kuwapatanisha litakupa hati, na kwa hati hiyo utafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Kwa ndoa ya Kiislamu, kifungu cha 107 kinataka baraza liwe limethibitisha kushindwa kwanza, ndipo tendo la talaka lililofuata lihesabike kuwa uthibitisho wa kuvunjika kwa ndoa. Talaka yako ilitangulia baraza, kwa hiyo mwombe msaidizi wa kisheria aangalie tarehe kabla hujawasilisha. Omba talaka na mgawanyo wa mali katika shauri hilohilo.

Ushahidi wako ni watu kuliko karatasi. Fundi aliyeezeka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekukopesha, wenzako wa upatu wanaokumbuka zamu yako ilipofika ulinunua nini, jirani aliyekuona na beseni la maandazi. Andika sasa majina yao na miaka wanayoikumbuka, kabla hawajahama.

Na imamu usimkwepe. Rudi kwake na mumeo akiwapo, umwulize mbele yake mambo mawili tu: fedha yangu ya mabati ni ya nani, na mataa yangu ni kiasi gani? Akikubali kukaa kama msuluhishi, mkubali kwa moyo mweupe. Suluhu ni bora kwa watoto wenu. Mtakachopatana kiandikwe kwa kiasi na tarehe, kisainiwe na mashahidi wawili, na kiwasilishwe mahakamani kirekodiwe kama makubaliano ya wadaawa, ili siku mumeo akibadilisha nia uwe na cha kumpeleka nacho kwa dalali wa mahakama.